Msimu wa Safari 1978: Lyle aliiteka Lagos, Ballesteros akaiteka Nairobi. Yupi alifanya kazi ngumu zaidi?

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Juzi humu ndani kuna mdau aliandika kwa kujiamini kabisa kwamba gofu ya kulipwa ya kiwango cha Ulaya ilifika Afrika Mashariki mwaka 2019, Kenya Open ilipopandishwa kuwa shindano kamili la European Tour, mzunguko mkuu wa gofu ya kulipwa Ulaya, pale kiwanja cha Karen, Nairobi, na Mwitaliano Guido Migliozzi akabeba kombe. Nilimjibu kwa mstari mmoja tu: "Mkuu, umechelewa miaka hamsini." Wengine mkanitaka ushahidi. Haya, vuteni viti.

Zamani kulikuwa na kitu kinaitwa Safari Circuit, mzunguko wa mashindano ya gofu ya kulipwa Afrika. Kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Kenya Open yenyewe ilikuwa imeshaanza tangu 1967, mshindi wa kwanza akiwa Mwingereza Guy Wolstenholme. Mantiki yake ilikuwa rahisi. Uingereza kuanzia Novemba hadi Machi ni baridi, tope na giza la saa kumi jioni. Ulaya hakukuwa na mashindano, na asiyecheza halipwi. Afrika kulikuwa na jua, viwanja walivyoacha wakoloni, na makampuni ya sigara, bia na migodi yaliyotaka jina. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwaka kundi la Waingereza, Waskoti, Waayalandi na wachache wa kutoka Ulaya bara walipanda ndege na kuzunguka Nigeria, Kenya na Zambia. Baadaye wakaingia Ivory Coast na Zimbabwe.

Fedha zake hazikuhesabiwa kwenye chati rasmi ya mapato ya Ulaya, ile inayopanga wachezaji kwa fedha walizoshinda kwa mwaka. Hilo ndilo lililofanya wengi wapuuze mzunguko huu, na ndiyo sababu leo ukitafuta habari zake unakuta vipande vipande tu.

Sasa twende 1978, msimu ninaoupenda kuliko yote.

Sandy Lyle alikuwa kijana wa miaka 20. Amezaliwa Shrewsbury Februari 1958, ameanza gofu ya kulipwa 1977, hana kombe hata moja la kulipwa. Anafika Ikoyi Club, Lagos, kwa Nigerian Open. Anapiga 61 na 63. Jumlisheni wenyewe: 124 kwa raundi mbili, kwenye kiwanja ambacho pa yake, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa raundi moja, ni 71. Yaani mikwaju 18 chini ya pa kabla hata wikiendi haijafika. Akashinda, na hilo likawa kombe lake la kwanza maishani akiwa mchezaji wa kulipwa. Mwisho wa mwaka akatangazwa mchezaji mpya bora wa mwaka Ulaya. Mwaka uliofuata, 1979, akaongoza chati ya mapato ya Ulaya, na 1980 tena.

Machi mwaka huo huo, kiwanja cha Muthaiga, Nairobi. Huyu wa pili alikuwa tayari na jina. Seve Ballesteros alishamaliza wa pili kwenye The Open, shindano kuu la Uingereza, ya 1976 kiwanja cha Royal Birkdale akiwa na miaka 19, na alishaongoza chati ya Ulaya miaka miwili mfululizo. Mtu wa namna hiyo angeweza kubaki kwao Pedreña akila samaki. Alikuja Nairobi, akashinda Kenya Open, akaondoka.

Kisha soma kilichofuata taratibu. Aprili 2 anashinda Greater Greensboro Open, Marekani, ushindi wake wa kwanza katika ziara ya PGA ya kule. Aprili 9, siku yake ya kuzaliwa, ametimiza miaka 21 kamili, yuko Augusta, Marekani, raundi ya mwisho ya Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, amepangwa pamoja na Gary Player wa Afrika Kusini. Ndiyo siku ile Player, mwenye miaka 42, alipopiga 64 na kutoka nyuma kwa mikwaju saba hadi kuvaa koti la kijani analopewa mshindi. Seve aliyashuhudia yote kwa macho, hatua kumi pembeni.

Kutoka Muthaiga hadi Augusta ndani ya wiki chache. Kisha mtu aniambie Safari ilikuwa bonanza la wazungu kuota jua.

Swali la uzi: kati ya wawili hawa, nani alifanya kazi ngumu zaidi? Mimi nina jibu langu ila sitaki kuwaharibia.

#2 – Mchangiaji

Seve. Uzi ufungwe.

#3 – Mchangiaji mwingine

Mkuu, heshima kwako, ila hiyo 124 ya Lyle naomba tuipunguze bei. Ikoyi ya wakati ule haikuwa na grini za majani, yaani yale maeneo laini yenye shimo. Walikuwa na "brauni", mchanga uliochanganywa na mafuta. Tambarare kama sakafu. Ndiyo maana miaka mitatu baadaye, 1981, Peter Tupling alikwenda hapo hapo akapiga 255 kwa raundi nne, 29 chini ya pa, ikawa rekodi ya dunia. Tupling! Watu wangapi humu wanalijua hilo jina? Kiwanja kinachogawa rekodi kama pipi hakiwezi kulinganishwa na Muthaiga.

#4 – Mleta uzi

Nilijua utakuja na Tupling, na hoja yako ina uzito. 255 ni wastani wa chini ya 64 kila siku. Ndiyo, Ikoyi kilikuwa kiwanja kifupi na hilo sikatai.

Lakini wengi wanaoidharau brauni hawajawahi kuchezea. Nimejaribu mara moja tu, miaka mingi iliyopita, na nilirudi nyumbani nikiwa mpole. Acha niwaeleze wasioijua.

Brauni ni duara la mchanga laini uliotiwa mafuta ili upepo usiubebe na mvua isiuchimbe. Unashindiliwa kwa rola. Kila kundi likishapita, uso wake umejaa nyayo na michirizi ya mipira, kwa hiyo kabla hujapiga la mwisho kuna mtu anapita na kijiti chenye ubao au reki kusawazisha njia kati ya mpira wako na shimo. Ukishasawazishiwa, kweli, mpira unakwenda mstari ulionyooka. Hakuna mwelekeo wa majani, hakuna mteremko wa kukuvuruga kichwa. Hapo mko sahihi.

Tatizo ni kufika hapo. Grini ya majani inaupokea mpira, unadunda mara moja au mbili, unashika. Brauni ni kitu kingine. Ukitua kwenye sehemu iliyoshindiliwa, mpira unaruka kama umegonga barabara. Ukitua palipolegea, unazama papo hapo. Mzungu aliyejifunza gofu Shropshire, Uingereza, anafika Lagos Jumatatu, Alhamisi anatakiwa awe amelijua hilo. Wote walianza na ujinga uleule, wote walikuwa na brauni zilezile, na aliyepiga 61 na 63 ni mmoja.

Na msisahau joto. Lagos ni usawa wa bahari, hewa nzito, jasho linafanya mshiko wa fimbo uteleze. Wiki nyingine uko Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, hewa nyepesi, mpira uleule na fimbo ileile unakwenda mbali zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Umbali wote uliokariri Lagos unautupa. Muthaiga nayo ina zile nyasi zetu za kikuyu, ambazo mpira ukizama ndani fimbo inanaswa kama jembe kwenye sandarusi.

Ninachosema ni kwamba ugumu wa Safari haukuwa kwenye kiwanja kimoja kimoja. Ulikuwa kwenye kubadilika kila wiki. Ndiyo maana naona mtu aliyefanya vizuri kule aliweza kufanya vizuri popote.

#5 – Mchangiaji (Nairobi)

Nimecheka hapo kwa sandarusi. Ni kweli kabisa, kikuyu haina huruma.

Baba yangu mdogo alikuwa kedi, mbeba mikoba ya fimbo, kwenye kiwanja kimoja hapa Nairobi miaka hiyo. Hakumbebea Seve, asije mtu akasema naongopa. Alimbebea Mwingereza fulani ambaye jina lake alikuwa akilitamka tofauti kila Krismasi. Lakini alimwona Seve akifanya mazoezi. Anasema kedi wote walikuwa wakiacha kazi zao kwenda kumwangalia akipiga mpira kutoka chini ya miti, si kwa sababu alikuwa amekosea, bali kwa sababu alikuwa akiuweka makusudi pale pabaya ajifunze kutoka. Kedi waliipenda ile kwa sababu ndivyo walivyojifunza wao: fimbo moja ya kuokota, mpira mmoja, na vichaka.

Na Seve mwenyewe alikuwa kedi kwao, alianza na fimbo moja akipiga mawe ufukweni. Baba mdogo alikuja kulijua hilo baadaye sana, akasema, "Ndiyo maana. Alikuwa mwenzetu yule."

Jambo moja linaniuma kwenye hadithi hizi zote. Waliokuja waliondoka na makombe. Waliobeba mikoba walibaki kubeba mikoba.

#6 – Mchangiaji

Swali la pembeni. Kwa nini huo mzunguko haukuja Tanzania? Tulikuwa na Gymkhana Dar, Arusha, Moshi. Zambia wamepewa, sisi tumerukwa.

#7 – Mleta uzi

Kwa kifupi: Kaunda alicheza gofu, Mwalimu alicheza bao.

Nacheka lakini si mzaha mtupu. Kaunda aliupenda mchezo huu hadi akawa na kiwanja cha mashimo tisa ndani ya Ikulu ya Lusaka. Halafu Zambia ilikuwa na Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba. Miji ya migodi kama Ndola, Kitwe na Mufulira kila mmoja ulikuwa na klabu yake, na migodi ndiyo iliyokuwa ikitunza majani. Ndola kulikuwa na shindano linaitwa Cock o' the North, jina la ajabu lakini wachezaji wa Safari walilijua vizuri. Sisi tulikuwa kwenye Ujamaa, gofu ilionekana mchezo wa wakoloni na mabwanyenye, na hakuna kampuni iliyokuwa na sababu ya kumwaga fedha huko.

Tena mwaka wenyewe 1978! Jumuiya ilikuwa imevunjika mwaka mmoja kabla, mpaka wetu na Kenya umefungwa, na utakaa hivyo hadi 1983. Hata kama mtu angetaka kupanga wiki ya Nairobi na wiki ya Arusha, angepitia wapi? Oktoba tukawa vitani na Amin.

Siasa ilikuwa imekaa katikati ya mzunguko huu kuliko watu wanavyodhani. Nigeria, Kenya na Zambia zote zilisusia Olimpiki ya Montreal 1976 kwa sababu ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Mchezaji wa kulipwa wa Uingereza aliyetaka jua la Januari alikuwa na njia mbili: aende kusini kwenye mzunguko wa makaburu uliokuwa na fedha nzuri zaidi, au aje huku kwetu. Pasipoti ya Afrika Kusini yenyewe ilikuwa nuksi Lagos na Nairobi. Ndiyo kusema Safari ilichezwa bila Gary Player, mtu ambaye wiki chache baadaye alimfundisha Seve somo Augusta.

Sasa tazama dunia inavyogeuka. Kenya Open imechukuliwa na Waafrika Kusini Michiel Bothma 2011, Jake Roos 2014, Haydn Porteous 2015, Justin Harding 2021, Jacques Kruyswijk 2025. Hiyo 2021 kulikuwa na mashindano mawili mfululizo Karen kwa ajili ya korona, na la pili nalo alilichukua Mwafrika Kusini, Daniel van Tonder. Mzee wa 1978 angeambiwa hayo angekurudishia chai yako.

#8 – Mchangiaji wa #3

Sawa, nimekubali brauni ni ngumu kufika. Ila bado sijakubali kuwa Safari ilimjenga Seve. Mtu ameongoza Ulaya 1976, 1977, na 1978 akaongoza tena. Alishinda Ujerumani, Uswisi, Skandinavia, Japan Open mwaka huo huo. Nairobi kwake ilikuwa mazoezi. Mpe Lyle hiyo sifa, usimpe Seve.

#9 – Mleta uzi

Hapa umenipata, na nakiri kwenye #1 niliandika kama shabiki. Seve hakujengwa na Nairobi. Alipitia tu, kama mtu anayenoa panga kwenye jiwe lolote lililo karibu.

Kwa hiyo basi jibu langu la swali la uzi nalitoa: Lyle. Mtu mwenye jina anapokuja na kushinda, ni vizuri, lakini wote walimtarajia. Kijana asiye na kombe, Jumamosi asubuhi anaongoza akiwa 18 chini ya pa, usiku wake haulaliki. Wengi tumeona viongozi wa raundi mbili wakiyeyuka siku ya tatu. Yeye alifunga kazi. Kisha akaja The Open 1985 na Masters 1988.

Ukiifuata Safari kwa jicho hilo, la waliokuja wakiwa hawana kitu, ndipo utamu wake unapoonekana. Ian Woosnam, mfupi kutoka mpakani mwa Wales, miaka yake ya mwanzo alikuwa akizunguka Ulaya akilala kwenye gari na kula maharage ya kopo. Akachukua Zambia Open 1985, akachukua Kenya Open 1986, mwaka 1987 akaongoza Ulaya, 1991 akavaa koti la Augusta. Vijay Singh, Mfiji aliyekuwa akifundisha gofu kwenye misitu ya Borneo, hakuna aliyekuwa akimtaka. Akashinda Nigeria 1988. Mwaka 1989 akashinda Nigeria tena, Ivory Coast na Zimbabwe. Huyo ndiye aliyekuja kuchukua makombe matatu makubwa na kumpokonya Tiger Woods nafasi ya kwanza duniani 2004.

Ndiyo hao. Mwenye njaa ndiye aliyefaidi.

#10 – Mchangiaji

Mkuu, kama ilikuwa nzuri hivyo, ilikufaje?

#11 – Mleta uzi

Haikufa siku moja. Sababu ni nyingi ila mimi naziona tatu kubwa, na ya kwanza ni kwamba Wazungu walipata jua kwingine. Dubai walipanda majani jangwani, Emirates Golf Club ikafunguliwa 1988, na 1989 Desert Classic ikaanza kama shindano rasmi la Ulaya. Fedha nyingi, hoteli nzuri, hakuna brauni, na zaidi ya yote zinahesabiwa kwenye chati. Nani tena aende kupigania fedha zisizohesabiwa?

Pili, shaba ilianguka bei na Zambia ikaishiwa. Klabu inayotunzwa na mgodi, mgodi ukikohoa klabu inalazwa.

Tatu, Ulaya ikaunda daraja lake la pili, Challenge Tour, na Kenya Open ikaingizwa humo 1991. Kwa Nairobi haikuwa hasara: walipita Trevor Immelman 2000, Edoardo Molinari 2007, Aaron Rai 2017. Immelman akaja kushinda Masters 2008. Lakini kamba iliyokuwa ikiunganisha Lagos, Nairobi na Lusaka ikawa imekatika, kila mji ukabaki na open yake.

#12 – Mchangiaji (Nairobi)

Na jina liliwahi kurudi. Miaka ya karibuni kulikuwa na Safari Tour hapa kwetu, ya wachezaji wa ukanda huu. Pointi zake ndizo zilizokuwa zikiamua Wakenya gani wapate nafasi kwenye Kenya Open. Wazimbabwe kama Robson Chinhoi wakaja wakatunyoosha, lakini sawa, tulijifunza. Hiyo angalau ilikuwa ngazi yetu. Wale kedi wa akina baba mdogo hawakuwa na hata daraja la kwanza la kukanyagia.

Tangu 1967 hakuna Mkenya aliyeshinda Kenya Open. Aliyekaribia kabisa ni Jacob Okello 1998, akalingana na Ricardo González wa Argentina hadi wakaenda mashimo ya ziada ya kuamua mshindi, akakosa. Nilikuwa Muthaiga siku ile, nimekaa juu ya mabega ya mtu.

#13 – Mchangiaji wa #2

Bado nasema Seve.

#14 – Mleta uzi

Haya, mkuu wa #2, uzi hatuufungi lakini kura yako imehesabiwa.

Kwa aliyeniuliza faragha nani alimrithi Seve Muthaiga 1979: ni Maurice Bembridge. Alikuwa ameshashinda 1968 na 1969, akakaa miaka kumi, akarudi kuchukua la tatu. Na ndiye huyo huyo aliyepiga 64 raundi ya mwisho Augusta 1974, sawasawa na ile ya Player mbele ya Seve. Nikipata muda nitamfungulia uzi wake.